Biskuti za Popi

Familia ninayotaka kuieleza inaishi Dodoma mjini, na mbwa wao aliitwa Popi. Aliokotwa akiwa mdogo karibu na Soko la Majengo, kwenye mtaro ambao wachuuzi wa mboga humwaga maganda na majani yaliyonyauka. Mtu alikuwa ametelekeza watoto watatu wa mbwa ndani ya boksi, na wawili walikuwa wameshakufa. Binti wa familia hiyo, aliyekuwa amemaliza chuo na anasubiri ajira, alimfunga yule wa tatu kwenye kanga akamleta nyumbani. Mama yake, mwalimu mstaafu, hakufurahi hata kidogo. Alisema nyumba ina kuku, ina mjukuu mdogo, na mbwa wa jalalani huleta viroboto na kichaa. Lakini alipompapasa yule mnyama na mbavu zikahesabika moja moja chini ya vidole, alinyamaza, akaenda kubandika uji.

Popi akakua. Alipelekwa kwa bwana mifugo wa kata, akachanjwa kichaa cha mbwa, akapewa dawa ya minyoo, akavishwa mkanda shingoni ili ajulikane kuwa ana kwao. Hilo si jambo dogo. Anayejua mbwa koko wanavyoishi katika miji yetu anajua mawe, mateke na maji ya moto, na anajua pia bunduki za halmashauri siku za msako wa mbwa wanaozurura. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini mpaka leo mbwa wengi wa mitaani wanaopona huponea kwenye huruma ya nyumba moja iliyokubali kufungua geti.

Nayasema haya mapema ili msomaji asije akawadhania vibaya watu hawa. Popi hakufa kwa ukatili wala kwa kusahauliwa. Alikufa kwa chakula alichopikiwa na mtu aliyempenda, na kwa imani moja iliyomo katika karibu kila jiko ninalolijua.

Mjomba wao wa Kongwa aliwaletea kiroba cha karanga. Zilikuwa zimevunwa mvua za mwisho zikiwa bado hazijakatika, zikaanikwa chini kwenye udongo, kisha zikafungwa ndani ya kiroba cha nailoni kabla hazijakauka sawasawa. Mjini ziliwekwa stoo, juu ya sakafu ya saruji, zikakaa wiki kadhaa. Siku mama alipofungua kiroba alikutana na uvundo. Akafanya kile ambacho kila mama wa kwetu angefanya: alichukua ungo, akaketi barazani, akaanza kuchambua. Zilizojaa na kung'aa alizitia kwenye beseni. Zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizotobolewa na wadudu, na zile ambazo ukizitenganisha vipande viwili unakuta vumbi la kijani katikati, alizitupia kwenye kopo tupu la rangi.

"Mama, hizo usizitupe," binti akasema. "Nitamtengenezea Popi biskuti."

"Huoni zilivyoota ukungu?"

"Si nitazioka, mama? Moto unaua kila kitu. Halafu huyu ni Popi, mbona alikuwa anakula jalalani na hakufa?"

Mama alitikisa kichwa, ila hakukataza. Ameniambia kwamba neno hilo la jalalani ndilo lililomlainisha.

Binti alizitwanga karanga kwenye kinu mpaka zikatoa mafuta, akachanganya na unga wa mahindi uliokuwa umebaki chini ya mfuko, mayai mawili na mafuta ya alizeti kidogo. Hakutia chumvi wala sukari, kwa sababu alishasoma kwamba havimfai mbwa. Alisukuma donge kwa chupa, akakata viduara kwa kifuniko cha chai. Nyumba yao haina oveni, kwa hiyo alioka kama tunavyooka keki: sufuria kubwa yenye mchanga juu ya jiko la mkaa, sufuria ndogo ndani yake, kifuniko, kisha makaa yakapaliwa juu ya kifuniko. Zikatoka za kahawia, kavu, zikivunjika kwa mlio, na harufu ya karanga ikajaa uani. Popi alikuwa ameketi mlangoni tangu mwanzo, mate yanamdondoka. Mjukuu aliomba akapewa moja, akaitema kwa sababu haikuwa na utamu, na watu wakacheka.

Kuanzia hapo Popi alipata biskuti mbili asubuhi na mbili jioni. Zilipokwisha, zikaokwa nyingine, kwa maana kopo lilikuwa bado na karanga.

Dalili ya kwanza haikumshtua mtu. Mbwa aliacha kumalizia ugali wake wa dagaa, lakini biskuti aliendelea kuzila, wakasema amekuwa mdekaji. Kisha akawa analala sana kivulini na kunywa maji mengi. Kisha akazikataa na biskuti zenyewe. Asubuhi moja alitapika mara tatu mfululizo, na alipokojoa kwenye ukuta, mkojo ulikuwa na rangi ya chai iliyokolea. Mchana akapata choo cheusi.

Kilichofuata nadhani kinajulikana katika kila mtaa. Wakasema Popi ametegewa sumu. Jirani wa nyuma, mzee anayefuga kuku wa mayai, aliwahi kuuliwa kuku na Popi, akatamka mbele ya watu kwamba mbwa huyo hatamaliza mwaka. Mama alisimama uani akapaza sauti ili isikike ng'ambo ya ukuta. Mzee hakujibu. Ujirani wa miaka mingi ukachafuka saa ileile, na hakuna aliyekumbuka kuuliza mbwa amekuwa akila nini.

Aliyeuliza ni daktari wa mifugo.

"Shikamoo, daktari," binti alisema, akimlaza Popi mezani.

"Marahaba. Pole na mgonjwa." Daktari alifunua mdomo wa mbwa kwa kidole gumba. Ufizi, ambao ulipaswa kuwa wa waridi, ulikuwa wa njano, na weupe wa macho ulikuwa wa njano vilevile. Akamgeuza chali. Kwenye ngozi ya tumbo, pale pasipo na manyoya, palikuwa na vidoa vyekundu vilivyotawanyika: damu iliyovuja chini ya ngozi.

"Mtu kampa sumu ya panya," mama alisema.

"Inaweza kuwa hivyo, mwalimu. Sumu ya panya nayo inatoa damu. Lakini manjano haya yananionyesha ini, na ini halikuanza kuharibika jana. Kila siku anakula nini?"

Wakamtajia ugali, dagaa, makombo ya nyama. Binti akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo jema, kwamba kuna na biskuti za karanga anazomwokea mwenyewe. Daktari akauliza ni karanga gani. Mama ndiye aliyejibu, na ndiye aliyerudi nyumbani kwa bodaboda kulileta lile kopo. Daktari alilifungua, akamimina kiganja kimoja juu ya gazeti, akazitazama. Swali lake lililofuata halikuhusu mbwa.

"Mtoto pale nyumbani amezila?"

Mjukuu alipelekwa hospitali siku hiyohiyo akapimwa, akakutwa salama. Popi alitundikiwa dripu na kuchomwa vitamini K ili damu iweze kuganda. Daktari aliwaambia ukweli tangu mwanzo kwamba sumu hii haina dawa ya kuiondoa mwilini. Kinachowezekana ni kulisaidia ini lijipiganie kama bado lina nguvu. La Popi halikuwa nayo. Alikufa siku chache baadaye, alfajiri, akiwa hata maji hawezi kuyaramba.

Binti alikwenda kwa yule mzee jioni yake. Alimwamkia, akapiga magoti, akamweleza kilichomuua mbwa na kumwomba radhi kwa maneno yaliyorushwa juu ya ukuta. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama pumba za mahindi anazowapa kuku wake zinaweza kuwa na kitu hichohicho. Swali lake lilikuwa zuri kuliko yote yaliyoulizwa katika mkasa huu, na nitalirudia.

Sumu hiyo ndiyo sumukuvu. Hutengenezwa na ukungu uitwao Aspergillus flavus na ndugu zake, ambao huishi kwenye udongo na huvamia karanga na mahindi yakiwa bado shambani, hasa yanapopigwa na ukame, kisha hustawi ghalani kama nafaka haikukauka. Dunia iliitambua sumu hii baada ya mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza na chanzo kikaonekana ni mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Lakini mbwa walikuwa wametangulia. Mwaka 1952 waganga wa wanyama kusini-mashariki mwa Marekani waliandika juu ya ugonjwa wa ini uliokuwa ukiua mbwa, na hawakujua sababu. Miaka ya baadaye, sumukuvu ilipokwisha kujulikana, mbwa waliolishwa sumu hiyo kwa majaribio walipata ugonjwa uleule.

Katika wanyama wa nyumbani, mbwa ni mmoja wa wanaoumizwa upesi zaidi na sumukuvu. Ini lake huigeuza kuwa kemikali kali inayoshambulia chembechembe za ini lenyewe, na uwezo wake wa kuitegua ni mdogo. Ini likichoka, rangi ya njano ambayo lilipaswa kuitoa kupitia nyongo hurudi kwenye damu, ndiyo ile iliyoonekana kwenye ufizi. Protini za kugandisha damu, ambazo nyingi hutengenezwa na ini, nazo hupungua. Ndiyo sababu ya vidoa vya tumboni na choo cheusi. Tena mbwa ana uzito mdogo na hula kitu kilekile kila siku. Binadamu leo atakula wali, kesho ndizi, keshokutwa ugali. Popi alikula karanga zilezile asubuhi na jioni.

Sasa niseme juu ya moto, maana humo ndimo kosa lilimokuwa. Moto huua ukungu wenyewe, hilo ni kweli. Lakini sumu ambayo ukungu umeshaiacha ndani ya punje si kitu hai, haifi. Ili iharibike kabisa huhitaji joto linalozidi nyuzi 200 kwa kiasi kikubwa, ilhali katikati ya mkate au biskuti inayookwa joto hupanda hadi karibu na nyuzi 100 tu, kwa kuwa unyevu uliomo huzuia lisipande zaidi. Kukaanga hupunguza kiasi fulani, hakumalizi. Tena kuoka kulifanya jambo baya zaidi: kuliondoa uvundo. Karanga ambazo pua ya mama ilizikataa barazani ziligeuka harufu tamu iliyomvuta hata mtoto.

Kosa la pili liko kwenye ungo, na hili naomba msomaji alitulizie macho. Sumukuvu haisambai sawasawa ndani ya gunia. Punje nyingi huwa hazina kitu, na chache zilizoshambuliwa hubeba mzigo karibu wote. Ndiyo maana kuchambua kwa mkono ni kinga ya kweli, na mama zetu wanaofanya hivyo huokoa ini la kila anayekula mezani kwao. Lakini maana yake ni kwamba lile kopo la rangi halikuwa na karanga mbovu kidogo. Lilikuwa na sumu ya kiroba kizima iliyokusanywa mahali pamoja. Kama Popi angepewa kiganja cha karanga ambazo hazijachambuliwa angekuwa na nafuu kuliko alivyopewa zilizotengwa. Na sisi ndivyo tunavyofanya kila msimu: tunachagua kilicho salama tunakula, kisha kilichobaki tunakipeleka kwa mbwa, kuku na ng'ombe, tukijiona hatukufuru kwa kutupa chakula.

Hoja ya jalalani nayo inadanganya. Mbwa aliyewahi kushinda njaa hula kila kitu kwa sababu hajui kama kesho atapata, na wale waliokufa kwa chakula kibovu huko mitaroni hatukuwaona. Wa Majengo walikuwa watatu ndani ya boksi moja. Aliyepona anahitaji kulindwa zaidi, kwa kuwa amekuja na minyoo, na upungufu wa damu, na mwili ambao haujawahi kushiba.

Hata viwanda vimeangukia hapo. Mwishoni mwa Desemba 2020, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza vifo vya mbwa vilivyohusishwa na chakula cha dukani chenye sumukuvu, na kufikia Januari 2021 mbwa zaidi ya 110 walikuwa wameripotiwa kufa. Mahindi ndiyo yaliyokuwa na sumu. Na watu hawasalimiki. Kenya, mwaka 2004, wagonjwa 317 waliripotiwa mashariki mwa nchi, hasa Makueni na Kitui, na 125 wakafariki kwa mahindi yenye sumukuvu. Kwetu, mwaka 2016, Dodoma na Manyara zilipoteza watu karibu 20. Viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu zaidi ya mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo moja ya mahindi au karanga, kiasi ambacho jicho halioni na ulimi hauonji.

Hatari nyingine za mwokaji nitazitaja kwa haraka. Siagi ya karanga ya dukani isomwe lebo: zipo zinazotiwa utamu uitwao zailitoli, ambao hushusha sukari ya mbwa ndani ya saa moja na huweza kumuua. Zabibu kavu humharibu figo. Chokoleti humpeleka mbio moyo. Vitunguu, vya maji na saumu, huvunja chembe nyekundu za damu, hata vikiwa vimepikwa. Makadamia humlegeza miguu. Donge lenye hamira ambalo halijaokwa huendelea kuumuka tumboni na kutoa pombe. Mifupa iliyopikwa hupasuka vijiti vyenye ncha.

Anayetaka kumwokea mbwa wake, na amwokee. Mimi naipenda sana kazi hiyo. Mbwa aliyetoka mtaroni hujifunza kuamini mkono wa mtu kupitia kitu kitamu kilichomo ndani yake. Chemsha kiazi kitamu au boga, ponda, changanya na yai na unga wa ngano au wa mchele usio na uvundo, ongeza maini ya kuku yaliyochemshwa na kukatwakatwa. Usitie chumvi, sukari wala kitunguu. Oka mpaka ikauke, hifadhi kwenye chombo kikavu, na ukiona doa la ukungu kwenye moja, tupa zote. Vitafunio vya namna hii visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku. Ukitaka karanga, ziwe za kutoka kwenye beseni, zile unazomtilia mwanao kwenye kashata.

Na swali la mzee wa kuku? Jibu ni ndiyo. Pumba zenye ukungu hudhoofisha kuku, huwapunguzia mayai, na huua vifaranga. Ng'ombe akila sumukuvu, sehemu yake hutoka kwenye maziwa, na maziwa hayo yanarudi kwenye kikombe cha mtoto yuleyule uliyemchambulia karanga. Kwa hiyo usimpe mbwa, usimpe kuku, usimpe ng'ombe, wala usimuuzie msaga chakula cha mifugo. Chimba shimo mbali na kisima, mwaga humo, fukia. Anika mavuno juu ya turubai au kichanja, si udongoni. Yahifadhi yakiwa makavu, juu ya chaga, mbali na ukuta. Na mbwa wako akikataa chakula, akawa wa njano ufizini au akakojoa mkojo uliokolea, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, ukiwa umebeba kwenye mfuko kile alichokuwa akila.